Leso Juu ya Maiti: Kasi ya Riwaya ya Uhalifu Hutoka Wapi?

Riwaya za upelelezi za Kiswahili zimerudi kwa nguvu, safari hii kwenye simu. Zinatoka kwa sehemu, leo ya tisa, kesho ya kumi, na kila sehemu hukatika pale msomaji anapokuwa na hamu zaidi. Pamoja na njia hiyo amekuja mhusika mpya: mwanamke mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi, mwenye glavu na darubini, anayesoma maiti na madoa ya damu kama wengine wanavyosoma barua. Wasomaji wanaisifu riwaya yake kwa neno moja: inakimbia. Waandishi wakilisikia neno hilo, humkimbiza kweli. Majibu ya DNA humfikia kabla chai haijapoa, mlango huuvunja kwa teke, na muuaji humfukuza kwa pikipiki hadi Daraja la Nyali. Hapo ndipo kasi ya riwaya ya aina hii inapoeleweka vibaya. Kumpa mtaalamu bastola hakuiongezi kasi hiyo, wala kufupisha kazi ya maabara hakuiongezi. Kasi hutoka kwenye ushahidi unaoharibika huku yeye akiutazama, na joto, maji na desturi za Mombasa huuharibu upesi. Mwandishi anayejua kitu gani kinaharibika, kwa muda gani na kwa nini, tayari ana mbio za kutosha.

Mhusika huyu ana wazee wake katika fasihi yetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyewafikia wasomaji mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, alikuwa mtu wa kufikiri: husikiliza, hukaa, huunganisha. Baada yake walikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wanaume wa vitendo, wa safari na silaha. Mtaalamu wetu wa leo amepewa kichwa cha wa kwanza na miguu ya hao wengine, ilhali kazi yake haifanani na ya yeyote kati yao. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia: kisiguswe, kisioshwe, kisikauke juani, kisichanganywe. Tena nchini Kenya kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Maafisa wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hupiga picha na kukusanya vielelezo mahali pa tukio, daktari wa upasuaji hufungua maiti, Mkemia wa Serikali hupima sumu na DNA, wataalamu wa silaha na wa maandishi wana meza zao. Mwandishi lazima aamue shujaa wake anakaa kiti kipi. Akishaamua, mvutano huja wenyewe, kwa sababu kila anachokihitaji kimo mikononi mwa mtu mwingine.

Tazama kinachotokea kabla hajafika. Mtu akikutwa amekufa uchochoroni Majengo au ufuoni Likoni, majirani ndio hutangulia, na wanachofanya ni cha utu: mmoja anavua leso yake, yaani kanga, anamfunika marehemu. Leso hiyo imeleta nywele, nyuzi na jasho la nyumba nyingine, na imehamisha vilivyokuwa juu ya nguo za marehemu. Haifai kukung'utwa wala kurudishwa kwa mwenyewe. Hukunjwa juu ya karatasi safi, upande uliogusa mwili ukibaki ndani, ikatiwa mfuko wa karatasi wa peke yake, kisha aliyeivua akatafutwa na kuombwa sampuli ya mate ya shavuni ili DNA yake iondolewe kwenye hesabu. Na leso ina jina, maneno yale yaliyochapwa chini ya mji wake, yaani uwanja wa katikati, nayo yaandikwe kwenye orodha ya vielelezo neno kwa neno. Sasa geuza jambo hili upande wa hadithi. Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyounganika, na mnunuzi hukata katikati kabla ya kupinda. Ikiwa leso iliyokutwa juu ya maiti hakuna jirani anayeikubali, basi kuna nusu yake mahali fulani. Fumua pindo za nusu zote mbili, ziweke ukingo kwa ukingo chini ya darubini, uhesabu nyuzi na kufuata mstari wa rangi pale mkasi ulipoyumba. Kinachotakiwa ni mkono uliotulia na mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye leso, maabara ya kifahari haihitajiki. Sura nzima ya riwaya imo humo, na hakuna aliyekimbia.

Kosa linaloonekana mara nyingi katika riwaya hizi ni shati lenye damu linalotiwa mfuko wa plastiki na kufungwa. Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017, lakini hata kabla ya marufuku hiyo plastiki ilikuwa adui wa damu mbichi. Unyevu hubaki ndani, bakteria na ukungu huzaana, na chembe za DNA hukatika vipande vifupi visivyosomeka. Nguo yenye damu hukaushwa kivulini, moja moja, juu ya karatasi, mbali na jua kwa sababu miale yake huivunja DNA hiyohiyo, na feni isipulize moja kwa moja isije ikapeperusha nywele. Wakati wa masika, taulo iliyoanikwa ndani huamka asubuhi bado ina maji. Afisa mwenye chumba kimoja na mashati matatu ya watu watatu analazimika kuchagua lipi likauke kwanza, na uchaguzi huo una uzito kuliko risasi. Hewa hiyohiyo ina fadhila yake pia: mvuke wa gundi kali unaotumika kuibua alama za vidole kwenye chupa na simu hufanya kazi vizuri penye unyevu wa karibu asilimia 80. Nchi kavu hulazimika kuutengeneza unyevu huo ndani ya kabati. Poda ya kupaka kwa brashi, kwa upande mwingine, hushikana madonge.

Kisha mwili wenyewe. Vitabu vya nchi za baridi vimewafundisha waandishi kwamba maiti hupoteza nyuzi moja hadi moja na nusu za joto kila saa, basi shujaa anachomeka kipimajoto na kutangaza saa ya kifo. Hesabu hiyo inahitaji tofauti kubwa kati ya mwili na hewa. Mwili wa mtu hai una nyuzi 37. Mchana wa Februari Mombasa hewa hufika 32, na ndani ya chumba cha mabati huweza kuzidi joto la mwili wenyewe. Katika chumba hicho maiti hapoi, pengine huzidi kupata moto. Kipimajoto kimenyamaza. Mtaalamu anayejua hurudi kwenye dalili nyingine na kuzisoma kwa tahadhari. Kukakamaa, ambako kwenye baridi huanza baada ya saa mbili hadi nne na kukaa zaidi ya siku, kwenye joto huja mapema na kuondoka mapema. Damu iliyotuama upande wa chini wa mwili hupauka ukiibonyeza kwa kidole katika saa za mwanzo, na baada ya takriban saa nane hadi kumi na mbili haipauki tena. Ikiwa imetuama mgongoni na maiti amekutwa kifudifudi, kuna mtu alirudi kumgeuza. Nzi nao ni saa. Wale wa rangi ya kijani inayong'aa huweza kufika dakika chache baada ya kifo mchana, hutaga machoni, puani na kwenye majeraha, na kwa kawaida hawatagi usiku. Funza wakubwa kuliko wote ndio wa kuchukuliwa, pamoja na joto la kundi lao: nusu hutumbukizwa kwenye maji moto kisha kuhifadhiwa kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80, nusu hufugwa hai mpaka wawe nzi na aina yao ijulikane. Ukiwatia wote kwenye spiriti bila maji moto husinyaa na kuwa weusi, na urefu wao, ambao ndio umri wao, umepotea.

Jambo ambalo riwaya chache zimelitumia, na lina nguvu kuliko yote niliyotaja, ni maziko. Mwislamu huzikwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ileile. Maiti wa kike huoshwa na wanawake wenzake, kwa maji yenye majani ya mkunazi, kwa idadi ya witiri, isiyogawanyika kwa mbili, na kafuri ikitiwa katika josho la mwisho. Kila josho huondoa kilichokuwa chini ya kucha, mate ya mtu mwingine, udongo wa mahali alipoangukia. Kuna na hasara ambayo watu hawaijui: michubuko ya ndani mara nyingi hujitokeza wazi zaidi siku inayofuata, damu ikishatoka kwenye viungo na ngozi ikishakauka, ndiyo maana madaktari hupenda kumtazama marehemu mara ya pili. Akishalala makaburini Kikowani, mara ya pili huhitaji amri ya mahakama. Kwa hiyo kati ya habari ya kifo na sala ya alasiri mtaalamu ana saa chache, na zinatumika sebuleni mwa watu wanaolia. Atasema nini? Kusema "sheria inaniruhusu" ni kweli, lakini ni njia ya kufungiwa mlango.

Hapa ndipo jinsia yake inapoacha kuwa pambo. Mwoshaji amemwona marehemu kuliko daktari yeyote: nyuma ya masikio, ndani ya mapaja, chini ya nywele. Ameona alama za vidole shingoni. Lakini dini na adabu vimemfunga asiseme kasoro aliyoiona. Ni sitara ya maiti. Mwanamume hata hakaribishwi kuuliza. Mwanamke anayevua viatu, akaketi mkekani, akasema, "Shikamoo bibi. Sikuja kuulizia aibu ya marehemu, nimekuja kwa ajili ya haki yake," anaweza kujibiwa, au akaachwa na kimya kirefu ambacho nacho ni jibu. Vilevile mjane aliye edani, kipindi cha kumkalia mumewe aliyefariki, miezi minne na siku kumi, hakai kwa mazungumzo marefu na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu wa karibu. Wapo wasomaji wanaosema mtaalamu wa kike wa maiti hawezi kuaminika katika mji wa desturi kama Mombasa, kwamba jamii haitamkubali. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko zote zinazotolewa dhidi ya riwaya hizi. Desturi yenyewe imempa mlango ambao mwanamume hana, na tangu zamani wanawake wa mji huu ndio wanaoshika miili ya wanawake wenzao, wazaliwapo na wafapo. Kinachoweza kumfanya asiaminike ni mwandishi asiyezijua nyumba hizo.

Bahari ina saa zake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa karibu dakika 50, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa Mombasa hukaribia mita nne, ilhali wakati wa maji mafu hayasogei sana. Alama ya mguu kwenye mchanga wa Nyali unaofikiwa na maji ina saa chache tu. Plasta ya kutengeneza umbo lake inahitaji angalau nusu saa igande kabla ya kuinuliwa, na kwenye mchanga ulioloa zaidi ya hapo. Mwandishi akiandika "bamvua" na kuweka saa ya maji kurudi, tayari kila dakika ya plasta inauma. Maiti naye huzama kwanza, kisha gesi za kuoza humwinua. Kwenye maji baridi hilo huchukua wiki, kwenye maji yetu ya nyuzi 27 au 28 huweza kuwa siku mbili tatu. Mwandishi anayemwibua maiti bandari ya Kilindini baada ya wiki tatu, akiwa mzima na uso unaotambulika, amenakili bahari ya watu wengine. Na aliyezama pwani si lazima aibukie pale pale, kwa kuwa mkondo mkubwa wa pwani yetu huelekea kaskazini, na pepo za kusi huuongezea nguvu.

Kuna na pombe. Maiti anayeoza hutengeneza pombe mwenyewe, kwa kazi ya bakteria juu ya sukari iliyomo mwilini. Chukua mzee wa msikitini asiyewahi kuonja kileo, amekutwa baada ya siku mbili kwenye chumba cha joto, na ripoti inasema damu yake ina pombe. Familia imevunjika kwa aibu, mtaa umeshahukumu, na mpelelezi wa kituo anataka kufunga faili kwa neno "alilewa akaanguka". Mtaalamu anajua pa kutazama: majimaji ya ndani ya jicho, mililita mbili au tatu zinazovutwa polepole kwa sindano kutoka pembeni, ambazo bakteria huchelewa kuzifikia. Damu nayo haikupasa kutolewa kifuani. Hutolewa kwenye mshipa wa paja, ikatiwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu chenye dawa ya floridi ya kuzuia bakteria, ikawekwa kwenye baridi. Jicho likiwa safi na damu ina pombe, mzee amepewa heshima yake, na aliyemsukuma ngazini amepoteza kisingizio. Lakini sindano ile ilipaswa kuchomwa kabla ya kuoshwa na kuzikwa. Saa zote za mji huu zinaingiliana.

Sheria inaongeza yake. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha tangu kukamatwa, na zikiishia nje ya saa za kazi, basi kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Afisa anayemkamata mtu Ijumaa jioni ana Jumamosi na Jumapili ambazo wa Jumatatu asubuhi hana. Akitaka kumzuilia zaidi, aende na kiapo kinachoeleza hasa kinachongojwa. Na kinachongojwa kiko njiani: sampuli za DNA mara nyingi husafiri hadi Nairobi, karibu kilomita 480, ndani ya boksi la barafu, na kila anayelipokea anaandika jina, tarehe, saa na sahihi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote ni kwamba msomaji atachoka. Ni kweli kwamba ukurasa wa maelezo ya kichupa cha kifuniko cha kijivu ni somo la darasani, na riwaya inayofundisha hufungwa kabla ya sura ya tatu. Lakini uchovu huo huja pale maelezo yanapowekwa kando ya tendo. Kichupa kile kikiwa kimebaki kimoja, na maiti ni wawili, hakuna msomaji atakayelalamika kwamba ameelezwa kazi yake. Wengine hutaja mashine mpya zinazotoa DNA kwa dakika 90 hivi, wakasema basi waandishi wa haraka walikuwa sawa. Mashine hizo zipo, na hufanya vizuri kwa mate ya mtu mmoja yaliyochukuliwa shavuni. Damu kidogo iliyochanganyika na ya watu watatu, iliyokaa juani, bado inahitaji kutolewa, kupimwa kiasi, kuzalishwa kwa mizunguko karibu 30, kutenganishwa na kusomwa na mtu, kazi ya siku moja au mbili hata bila foleni. Na jibu likitoka ni orodha ya namba tu mpaka apatikane wa kulinganishwa naye. Wapo pia wanaohofia kwamba riwaya zenye maelezo huwafundisha wahalifu. Sioni hivyo: vitu vilivyoharibu ushahidi katika kila mfano hapo juu ni joto, maji na watu wema.

Watu hao wema ndio wanaonifanya nilione jambo hili kuwa kubwa kuliko ladha ya fasihi. Katika nchi zenye wazee wa baraza wanaoamua hatia, hofu ni kwamba hadithi za maabara huwapotosha waamuzi. Kenya hukumu ni ya hakimu au jaji. Kwetu sisi hadithi hizi zinawafikia wanaotangulia kufika: jirani mwenye leso, mama anayefua shati la mwanawe kabla polisi hawajafika, vijana wanaombeba majeruhi kwa tuktuk, mwoshaji anayejiuliza kama anyamaze. Msomaji aliyezoea DNA ya dakika tano anaamini sayansi itakuta kila kitu hata akifua. Aliyesoma riwaya yenye saa za kweli anajua kwamba kuacha shati lilivyo, na kumfunika marehemu kwa shuka safi lililotoka kabatini badala ya leso ya mwilini, ni sehemu ya upelelezi, na kwamba yeye ndiye aliyekuwepo saa ya kwanza.

Ndiyo maana sura ya mwisho ya riwaya kama hii haina haja ya bastola. Iwe mahakamani, feni ikizunguka juu, mtaalamu akiwa kizimbani cha mashahidi na mfuko wa karatasi mezani mbele yake. Wakili wa utetezi hagusi DNA hata kidogo. Anafungua fomu, anapitisha kidole chini ya sahihi moja baada ya nyingine, anasimama kwenye nafasi tupu kati ya saa nne na saa sita za siku ambayo foleni ya feri ya Likoni ilikwama. Anamtazama yule mwanamke, anauliza kwa sauti ya chini boksi lilikuwa mikononi mwa nani saa mbili hizo, na msomaji, ambaye alikuwa naye kwenye foleni ile kurasa mia mbili nyuma, analijua jibu.